Nyuma ya Shifa

Kaimati zilikuwa bado zina moto Shifa aliposukuma sahani. Hakuisukuma kwa ukali. Alitumia ncha ya kidole, kama mtu anayempisha mwenziwe, akasema kwamba siku hizi sukari ameipunguza, angetosheka na kikombe cha chai ya rangi. Mwanarusi akampa chai. Wakaketi ukumbini mpaka karibu na magharibi wakizungumza habari za arusi iliyokuwa ikija mtaa wa pili, na Shifa alipojifunga buibui na kwenda zake, Mwanarusi aliingia jikoni akazila zile kaimati peke yake, moja baada ya moja, mpaka moyo ukamkinai.

Wanawake hawa wawili walizaliwa mtaa wa Kuze katika mwezi mmoja, katika nyumba zilizotazamana kwa kichochoro chembamba ambacho wawili wakikutana mmoja hujibana ukutani. Walisoma chuo kimoja cha Kurani kwa mwalimu mmoja. Shifa ndiye aliyetangulia kuvunja ungo, na siku hiyo hiyo alipanda darini kwa kina Mwanarusi kumnong'oneza ilivyo, ili yake ikija isimshtue. Waliolewa mwaka mmoja: Shifa kwa Ziad, karani wa bandarini, na Mwanarusi kwa Abdulhadi, mwenye duka la leso Barabara ya Biashara. Kila ilipopita Idi walizilipa pamoja siku za Ramadhani zilizowapita kwa udhuru wa kike, mmoja akipika futari na mwingine daku. Watu wa Kuze walizoea kuwataja kwa pamoja, kama vile mtu asemavyo chumvi na ndimu.

Kwa hivyo, kabla ya siku ile ya kaimati, joto la mwilini lilipoanza kumpanda, Shifa alimjia Mwanarusi kwanza. Alikuja alasiri moja akaketi chini ya feni, akafungua shungi. Alieleza kwamba moto humpanda kuanzia kifuani hadi utosini, utadhani mtu amemwashia jiko ndani ya nguo, kisha humwacha ametota jasho. Usingizi umemtoka. Mwezini hajaingia tangu Ramadhani. Alimtazama Mwanarusi akangoja.

Ukweli ni kwamba Mwanarusi yalikuwa yamemfika kabla ya Shifa. Foronya zake alikuwa akizianika juu ya dari ili mkaza mwanawe asizione zilivyolowa. Lakini wiki chache nyuma ndugu wa mumewe Abdulhadi alikuwa ameoa mke wa pili, msichana wa rika la binti zake, na kwenye ile arusi wanawake walioketi nyuma ya Mwanarusi walisema kwamba bwana yule hakuwa na la kufanya, mkewe mkubwa ameshakauka. Neno lile lilimkaa Mwanarusi kama mwiba wa samaki kooni. Sasa Shifa alipongoja jibu, ulimi ukamwendea upande mwingine.

"Mimi bado, alhamdulillahi," alisema. "Pole, mwenzangu."

Shifa aliinamisha uso, akanywa chai yake, akaondoka mapema.

Haikupita muda mrefu jina la Naomi likaingia mle ukumbini. Naomi alikuwa mwanamke wa Kirabai aliyekaa mtaa wa Buxton na kufanya kazi katika maktaba ya chuo cha ufundi kilicho karibu na huko. Shifa alikutana naye kwenye benchi la zahanati, wote wawili wamekwenda kumwona daktari kwa jambo lile lile, na kabla ya kuitwa ndani walikuwa wameshaambiana kila kitu. Tangu siku hiyo ikawa Naomi asema hivi, Naomi asema vile. Naomi asema dagaa na ufuta huipa mifupa nguvu, maana mwanamke akikoma hedhi mifupa hulegea. Naomi asema kahawa ya jioni ndiyo inayofukuza usingizi. Naomi asema misuli nayo yataka kazi, mtu akishindwa kununua vyuma na anyanyue chupa za maji. Shifa aliyasema haya kwa uchangamfu, na Mwanarusi aliyapokea kwa "hee" na "ala", huku mkono wake ukikunja na kukunjua upindo wa leso.

Wivu wa mke mwenza Mwanarusi aliufahamu kwa kuuona kwa wengine. Mume akichukuliwa, mtu huweza kulia mbele za watu na watu wakaja kumpa pole. Shoga akichukuliwa utakwenda kumlilia nani? Alimwonea Naomi wivu kwa mambo asiyoweza hata kuyataja. Alimwonea wivu kwa lile benchi la zahanati. Alimwonea wivu kwa joto lile lile ambalo yeye mwenyewe alikuwa nalo tele, na amelikana kwa kinywa chake, na sasa hana njia ya kulidai.

Akajaribu kwa chakula. Alioka mkate wa sinia, akautia sukari zaidi ya kawaida na iliki mpya, akaupeleka kwa Shifa ungali unafuka. Siku ya pili sahani ilirudishwa na mke wa jirani yake Shifa, akimshukuru Mwanarusi kwa mkate mtamu ambao watoto wake wameugombea. Mwanarusi aliipokea sahani kwa tabasamu, na baada ya mlango kufungwa akaiosha mara mbili bila ya sababu.

Kisha ikaja habari ya asubuhi. Abdulhadi akitoka kwa sala ya alfajiri hubaki msikitini kwa darsa mpaka jua lichomoze, na wakati huo nyumba huwa kimya. Mwanarusi alikuwa dirishani, hana usingizi, alipomwona Shifa akitoka kwake na buibui lake, na chini ya buibui raba za buluu. Alikuwa akitembea upesi kama mtu anayengojwa. Zile raba ndizo zilizomuumiza. Shifa hakumwambia kwamba amenunua raba.

Aliwaza siku nzima. Asubuhi iliyofuata aliichukua ninja ya Jana, mke wa mwanawe Hadi, kwenye kamba ya nguo. Yeye mwenyewe hakuwa na mazoea ya kufunika uso. Aliifunga, akavaa viatu vyake vya safari, na Shifa alipopita chini ya dirisha, akashuka ngazi na kumfuata.

Karibu na Makadara palisimama mwanamke mrefu mwembamba, amejifunga kitambaa kichwani, na Mwanarusi hakuhitaji kuambiwa ni nani. Waliamkuana, Shifa akacheka, wakaenda bega kwa bega kuelekea Tononoka, na Mwanarusi nyuma yao akijificha kwa watoto wa shule na wachuuzi waliokuwa wakienda sokoni. Walipofika kwenye uwanja waliuzunguka. Yeye akabaki ng'ambo ya barabara, akijifanya anangojea mtu, kisha akaona akisimama atajulikana, yeye pia akazunguka.

Alirudi nyumbani magoti yakimlia, akaapa hatorudia tena. Kesho yake akarudia. Alitaka kujua wanacheka nini. Kila alipowakaribia wao huwa washageuza mazungumzo, na kila alipobaki nyuma kile kicheko huanza tena, hata akaanza kuchukia mgongo wa Naomi, jinsi ulivyonyooka. Asubuhi moja aliwakaribia sana, upepo ukawa wake, akamsikia Shifa akisema kwamba siku hizi hujikuta analia. Hakuna aliyemuudhi, hakuna aliyekufa. Hukunja nguo tu na machozi yakaja. Naomi alimjibu kwa sauti ya chini. Mwanarusi alipunguza mwendo wakamwacha mbali. Alimjua Shifa tangu wana meno ya utoto, na habari ya machozi yale ameiokota njiani kama pesa iliyomdondoka mtu mwingine.

Akaendelea kuwafuata. Abdulhadi alianza kusema kwamba siku hizi mahamri ya asubuhi ni ya kununua, lakini akasema pia kwamba mkewe amekuwa mtulivu. Hagombani naye tena juu ya feni, na baada ya isha hulala kama gogo. Mwanarusi alijiambia kwamba hasira humchosha mtu. Njaa ya asubuhi ilikuwa ikimshika kwa kweli, akawa anakula mayai na mbaazi badala ya kuonjaonja vitamu jikoni. Hilo nalo hakulitilia maanani. Akili yake yote ilikuwa kwenye raba za buluu.

Kisha ikaja asubuhi ya joto, hewa imesimama, na Mwanarusi yuko upande wa juani wa uwanja wa Tononoka moto ulipompanda. Ulianza kifuani kama siku zote, ukashika shingo, na ile ninja ikamgandama mdomoni ikawa hawezi kuvuta pumzi. Akaketi kwenye kizingiti cha duka lililokuwa bado limefungwa. Akaivua ninja, akalegeza shungi, akajipepea kwa kiganja. Macho alikuwa ameyafumba. Alipoyafumbua, Naomi alikuwa amechutama mbele yake akimpa chupa ya maji, na nyuma ya Naomi amesimama Shifa.

"Kunywa kidogo kidogo," Naomi alimwambia. "Litapita. Linapita siku zote."

Mwanarusi alikunywa kwa sababu kiu ilimzidi. Shifa hakuonyesha kushangaa, na hilo ndilo lililomtisha.

"Wanijua tangu lini?" Mwanarusi aliuliza.

"Tangu ile siku ya kwanza, pale Makadara," Shifa alisema. "Mwendo wako mimi nisiujue?"

"Na hukunita?"

"Ningekwita ungenambia wenda markiti. Nikaona bora nikuwate utembee."

Naomi akacheka, naye hakuwa na nia mbaya. Alisema kwamba Bi Shifa alipomweleza baadaye ndipo alipofahamu kwa nini siku za mwanzo alikuwa akimwomba wapunguze mwendo, mpaka yeye akamuuliza kama wanasindikiza jeneza.

Hilo neno la kupunguza mwendo ndilo lililomchoma Mwanarusi. Wakati alipodhani anawachungulia, wao walikuwa wakimtembeza. Walijua, wakakaa na siri yake kati yao, kama watu na mtoto wao. Alisimama, akafunga shungi, akamrudishia Naomi chupa na kumshukuru kwa adabu, kisha akasema ana kazi nyumbani. Shifa akataka kumsindikiza. Mwanarusi alimwambia asimkatize mwenziwe matembezi.

Siku zilizofuata hakutoka. Alimrudishia Jana ninja yake, imefuliwa na kupigwa pasi, na Jana hakuuliza. Alipika kaimati, akapika na mkate wa sinia, akala, na jioni akanywa kahawa kwa makusudi. Usingizi ukamkimbia tena. Magoti yaliyokuwa yameacha kulalamika yalianza upya kila aliposhuka ngazi, na Abdulhadi akalalamika kwamba feni haigeuki upande wake hata kidogo. Hapo ndipo Mwanarusi alipokaa akapima mambo, akaona kwamba wivu ulikuwa umemfanyia kazi ambayo yeye mwenyewe asingeifanya kwa hiari. Alichukia kuliona jambo hilo. Alichukia zaidi kwamba Naomi amesema kweli.

Shifa alikuja siku ya Ijumaa baada ya sala, peke yake. Alibisha hodi kama mgeni. Mwanarusi alimkaribisha ukumbini, akaleta chai ya rangi bila kuulizwa, na kwa muda wakaongea habari za afya za watu wengine. Kisha Mwanarusi akasema huku akitazama kikombe:

"Nami yamenifika. Mwaka wa pili huu."

"Najua," Shifa alisema.

"Wajuaje?"

"Idi ilipopita hukuniita tulipe. Nikakwita mimi, ukanambia washalipa peke yako. Tangu lini ukalipa peke yako? Baadaye nikayaunga hayo, nikajua huna siku za kulipa."

Mwanarusi alikiweka kikombe chini. Shifa naye alikuwa na lake, na alilisema bila kupandisha sauti. Alisema kwamba siku ile aliyokuja kumweleza alikuwa na hofu. Alidhani ana maradhi, alidhani labda moyo. Alipoambiwa "mimi bado" aliona haya, kama mtu aliyevua nguo mahali ambapo wengine wamevaa. Alirudi nyumbani akakaa na hofu yake mpaka alipoketi benchi moja na mtu aliyemwambia kwamba yeye pia.

"Nalikutaka wewe," alisema. "Naomi nalimpata. Wewe ndiwe nalikutaka."

Mwanarusi alilia, na Shifa akamwacha alie. Baadaye alimweleza habari ya arusi ya shemeji yake na lile neno la kukauka. Shifa alilisikiliza mpaka mwisho, akakunja uso.

"Nani alolisema?" aliuliza.

Mwanarusi akawataja.

"Wale?" Shifa akasema. "Wale wenyewe wanazo hizo siku?"

Wakacheka, kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Lakini mambo hayakumalizika kwa kicheko, maana Mwanarusi aliuliza kama haingewezekana wakatembea wawili tu, kwa njia nyingine, kupitia Ngomeni. Shifa akasema hapana. Alisema Naomi hakumfanyia ila wema, na hatomwacha kwa sababu Mwanarusi amepata nafasi. Akitaka kuja, watakwenda watatu.

Basi wakaenda watatu. Mwanarusi alinunua raba zake, nyeusi, na tangu asubuhi ya kwanza alishika nafasi ya katikati, hata njia ilipokuwa nyembamba na ikabidi mmoja abaki nyuma, anayebaki alikuwa Naomi. Naomi aliliona hilo, akampisha. Waliponyanyua chupa za maji nyumbani kwa Shifa, Mwanarusi alizijaza zake mpaka juu baada ya kuona za Naomi zimejaa nusu, na mabega yakamuuma wiki nzima. Dagaa, ambao alikuwa akiwaita chakula cha paka, alijifunza kuwapika kwa nazi na pilipili ya kuchoma, akampelekea Shifa bakuli na kungoja aseme kama ni watamu kuliko wa Naomi. Shifa alisema ni watamu. Hakusema kuliko.

Nyumbani nako palikuwa na mageuzi yake. Kaimati zilibaki kuwa za Ijumaa tu. Abdulhadi aliambiwa ajitilie sukari mwenyewe, akanung'unika, akazoea. Na jioni moja Mwanarusi alimweleza mumewe lililomfika mwilini, kwa maneno ya wazi, huku akikunja nguo ili asimtazame. Abdulhadi alisema alikuwa ameshakisia, mama yake naye alikuwa hivyo hivyo, akitoka nje uani kutafuta upepo. Halafu akauliza kama feni ya pili ingesaidia. Mwanarusi alikuwa amejitayarisha kwa mengi, si kwa hilo. Feni ikanunuliwa.

Mwaka ulipogeuka, Mona binti yake Shifa alikaribia kujifungua Malindi, na Shifa akaenda kukaa naye mpaka arubaini iishe. Mwanarusi alifurahi kwa ajili ya mtoto, akasikitika kwa ajili yake, na usiku wa kwanza aliamua kwamba matembezi nayo yangoje. Lakini alfajiri aliwaza Naomi amesimama Makadara peke yake, na baadaye akimpigia Shifa simu na kumwambia kwamba yule shoga yako hakuja. Akavaa raba.

Walitembea wawili bila maneno mengi. Hawakuwa marafiki, na hakuna aliyejifanya. Lakini njia ni ndefu, na mtu hawezi kunyamaza kila siku. Naomi alimweleza kwamba mama yake alivunjika nyonga kwa kuteleza sakafuni tu, akiwa hajazeeka sana, akalala mpaka akafa, na ndiyo sababu ya yeye kuikazania mifupa hivi. Siku nyingine alimuuliza Mwanarusi kama amewahi kupimwa presha. Hajawahi. Naomi aliomba ruhusa ya saa moja kazini akaenda naye zahanati, wakaketi benchi moja. Presha ilikuwa juu. Muuguzi alimpa dawa, akamwambia apunguze chumvi na asiache kutembea, na Mwanarusi akatoka na mfuko wa vidonge mkononi, uso umemshuka. Naomi alimsindikiza mpaka mlangoni kwake Kuze. Mwanarusi alimkaribisha ndani kwa mara ya kwanza, akamtilia chai ya rangi, wakanywa.

Mjukuu wa Shifa alizaliwa salama, mvulana. Asubuhi iliyofuata Naomi alipofika Makadara, Mwanarusi alikuwa ameshatangulia kufika, anamngoja. Waliamkuana, wakapeana hongera, wakashika njia ya Tononoka. Mwanarusi alivumilia mpaka walipouona uwanja.

"Shifa alikupigia saa ngapi?" aliuliza.

"Jana jioni," Naomi alisema.

"Mimi jana asubuhi. Hata mtoto hajaogeshwa."

Naomi akamtazama, akatikisa kichwa, akamwambia basi yeye Mwanarusi ndiye wa kwanza. Siku ile, kwa shauri la Mwanarusi, waliuzunguka uwanja mara moja zaidi.